Preavi ya Mama Patroni

Wakimtaja mbele yangu, watu wa Bunia huanza na habari ya mchele. Mama Patroni hakukosa msiba. Ukifiwa mtaa wa Lumumba, ukifiwa Shari, ukifiwa huko mwisho wa Nyakasanza ambako moto, yaani pikipiki, huzama matopeni, utamwona anashuka kwenye moto na mfuko wa mchele, sukari juu yake, kitambaa cheusi kichwani kimefungwa vizuri kuliko cha mfiwa mwenyewe. Ataimba sauti ya pili mpaka waliokwisha kunyamaza walie upya. Kwa hiyo nikianza kumsema vibaya, watu hunitazama kama niliyetema mate kanisani. Wanitazame. Mchele wake niliula, na nitaeleza ulinigharimu nini.

Sisi tuliomfanyia kazi tulimwita Mama Patroni, na hapa nitamwita hivyo hivyo, maana jina alilopewa na wazazi wake halina kosa. Alikuwa na ateliye ya kushona pale Lumumba, chumba kimoja kirefu chenye baraza mbele. Mashine tano zilipangwa ukutani, washonaji watano, wote wanawake. Mwisho wa chumba palikuwa na pazia la kitenge cha kijani. Nyuma ya pazia kulikuwa na meza, juu ya meza mkasi, na huko aliingia yeye peke yake. Vitambaa viliingia vizima, vikatoka vipande vipande vimefungwa kwa kamba, na sisi tulishona tulichopewa.

Katika ateliye nyingine za mji, mwanafunzi hushona leo, kesho anakata, kesho kutwa anafungua chake. Kwake haikuwa hivyo. Mtu angeweza kushona kwa Mama Patroni mpaka mgongo upinde na asijue kukata hata kanzu ya mtoto mchanga. Mama Zawadi, mkubwa wetu, alianza kazi pale kabla sijajua kutia uzi kwenye sindano, na kila nguo ya watoto wake alimlipa Mama Patroni aikate. Siku moja mgeni kati yetu aliomba mkasi akate uzi tu.

"Mukasi haiazimwake," Mama Patroni alimjibu. "Ni sawa muswaki."

Nisimnyime haki yake. Alijua kukata. Bunia nzima sijaona jicho kama lile. Utepe wa kupimia aliuvaa shingoni kama pambo tu, kuridhisha wateja. Alimtazama mtu mara moja akitokea mlangoni, akajua kiuno, bega, na hata kwamba mtu huyo ana mimba ambayo mumewe bado hajaambiwa. "Huyu tutamuachia nafasi mbele," alinong'ona, na baada ya miezi michache tulikuwa tunaona alichokiona. Kola yake ililala shingoni bila kunyanyuka hata nguo ikifuliwa mara mia. Mpaka leo ninakata kola ile. Kila ninapoikata ninamkumbuka, na kumkumbuka kwenyewe kunaniudhi.

Alikuwa mwepesi wa kucheka, na kicheko chake kilipendeza. Alikunywa chai ya maziwa na karanga zilizokaangwa, akikaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeshonwa kwa waya. Mabaki ya vitambaa hakuyatupa wala kuyauza. Aliyashonea watoto yatima suruali, bure, na akawapelekea mwenyewe siku ya Noeli. Hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini mshonaji akijifungua, alimletea mtoto kanzu nzuri ya zawadi, na mwisho wa mwezi bei ya kanzu ilikuwa imetoka kwenye mshahara wa mama. Ukimuuliza, alishangaa. Kwake moyo wa kutoa na mkono wa kuchukua havikuwahi kukutana njiani.

Kanisani alilia kweli, si machozi ya kuazima. Lakini mtu akikosea kazini, tulipomwambia, Mama, Mungu husamehe, alijibu, "Mungu anasamehaka, njo kazi yake. Mimi niko na ateliye."

Sasa nije kwenye preavi. Kwa asiyejua maneno ya maofisi: preavi ni ile taarifa ambayo mfanyakazi humpa mwajiri wake kabla ya kuacha kazi, aendelee kushona mwezi mzima huku mwingine akitafutwa. Asipoitoa, alipe falanga, yaani pesa, za mwezi huo. Mama Patroni hakuwa na karatasi yoyote ya kazi na sisi, hakutuandikisha popote, lakini neno hilo alilijua vizuri kuliko Baba Yetu. Alilisema asubuhi, alilisema tukipokea mshahara, alilisema mtu akikohoa. Na alikuwa na msemo aliouambatanisha nalo, ambao sijausikia kwa mwingine: "Mutu mwenye kuenda haulizwake anaenda wapi. Anaulizwaka anaacha nini."

Na yeye alipomfukuza mtu? Alifukuza kwa maneno mawili. "Kesho usikuye." Wa kwanza niliyemwona akifukuzwa alikuwa mwanamke mtaratibu aliyekuwa ameunguza kitambaa cha mteja kwa pasi. Maskini akauliza, kwa adabu kabisa, preavi yake yeye iko wapi.

"Preavi ni ya ule mwenye kuenda," Mama Patroni alimwambia, akimwekea mkono begani. "Weye hauende, mutoto yangu. Ninakufukuza."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Tulicheka kwa kuwa siku ile haikuwa zamu yetu.

Zamu yangu ilikuja na simu. Mama yangu alikuwa kijijini, upande wa Kasenyi, na ndugu zangu walinipigia asubuhi wakasema hawezi kula tena, niende kama ninataka kumkuta. Nilimwomba Mama Patroni ruhusa. Alikuwa nyuma ya pazia, anakata sare za shule, maana masomo yalikuwa karibu kufunguliwa, na majira hayo ndiyo yanayolisha ateliye mwaka mzima. Akasema bila kutoka, "Umalize kwanza ile mafungu." Mafungu yalikuwa yamefika kiunoni mwangu. Niliinuka nikaenda kutafuta moto.

Nilichoacha nyuma kilikuwa mashine yangu. Nilikuwa mmoja tu kati ya wale watano aliyekuja na mashine yake. Nilipomaliza masomo ya kushona, mama aliuza mtamba wake, ng'ombe pekee aliyembakia, akaninunulia. Alisema ng'ombe anaweza kuchukuliwa na watu wenye bunduki, lakini mtoto mwenye mashine atakula popote. Ndiyo niliyoiacha ukutani pale Lumumba, nikidhani naiacha mahali pa salama.

Mama nilimkuta. Alinishika mkono, akaniuliza kama mashine inafanya kazi vizuri. Nikamwambia vizuri sana. Alikufa baada ya hapo.

Matanga tuliyafanyia Bunia kwa kaka yangu, kwa sababu njia ya kijijini haikuwa salama. Na Mama Patroni alikuja. Alikuja na mchele na sukari, akaimba sauti ya pili, akanikumbatia mpaka shingo yangu ikalowa machozi yake. Nilimpenda siku ile. Ninaiona aibu kuandika hivyo, lakini nilimpenda. Siku ya kuvunja matanga, wakati wanawake wanaosha sufuria, aliniita pembeni penye mapipa ya maji.

"Pole sana, mutoto yangu," akasema. "Mungu amechukua mama. Lakini kazi yangu, nani aliichukua?"

Sikuelewa.

"Ulienda bila preavi. Ni mwezi moja. Kama hauna falanga, mashine inabakia kwangu."

"Mama, mama yangu alikuwa anakufa."

"Hata mimi nitakufa siku moja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Lakini nitawaambia mbele."

Alirudi kwa wengine akaendelea kusuuza sahani. Mchele wake ulikuwa tumboni mwangu.

Nilikwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa barabara ile, kwa kuwa mambo ya hapa kwetu huanzia kwake na mara nyingi huishia kwake. Alikuwa mzee asiyependa ugomvi, radio yake mkononi, na mkewe alikuwa anashonewa kwa Mama Patroni. Alitusikiliza wote wawili, akasema, "Neema, fanya ule mwezi, kisha mashine yako itatoka. Tumalize mu upendo." Neno upendo sitalisahau. Nilifanya mwezi bila mshahara, kwenye mashine iliyonunuliwa kwa ng'ombe wa mama yangu, na kitambaa cha msiba kichwani.

Na ili adhabu ikolee, Mama Patroni alininyima hata kushona. Alinipa kufumua. Nguo zote zilizorudishwa na wateja, zinazobana, zilizopungua, za marehemu zinazogeuzwa za watoto, niliwekewa mimi nizifumue mshono kwa mshono. Nilikaa karibu na mlango, mahali ambapo wapita njia walinipa pole ya mama huku nikitoa nyuzi.

Hapo ndipo alipokosea, na nitafurahia kosa lile mpaka nife. Nguo ikifumuliwa yote inarudi kuwa vile ilivyokatwa. Kila alichokificha nyuma ya pazia miaka yote kilikuwa mapajani mwangu: kola ile, mikono, kiuno kilichoachiwa nafasi. Saa sita alipokwenda kula kwake Shari, nilitandaza vipande juu ya karatasi za mifuko ya simenti, nikavichora kwa mkaa. Mama Zawadi aliniona. Alisogeza kiti chake akaziba mlango.

Mwezi ulipokwisha nilibeba kichwa cha mashine kichwani mwangu, na miguu yake niliifunga kwenye moto. Mama Patroni alinisindikiza mpaka barabarani, akaniombea baraka kwa sauti, watu wasikie. Alimaanisha. Hicho ndicho kilichonishinda kwake.

Nilianza Nyakasanza kwa mashine ile moja, chini ya bati la kaka. Leo nina ateliye yenye mlango wa chuma, na wateja wengine wanatoka Lumumba wakipita mbele ya baraza lake. Lakini sikusahau. Nilikutana naye sokoni, nikamsalimu kwa magoti kidogo kama inavyompasa mtu wa umri wake, akaniuliza watoto, nikamuuliza mgongo. Ndani yangu hasira niliilea kama watu wanavyolea kuku wa Noeli, kwa punje chache kila siku, bila haraka, nikijua iko siku. Mchungaji wetu hufundisha kwamba kisasi ni cha Mungu. Naye yuko sawa. Mimi nilitaka tu kumpunguzia Mungu kazi.

Siku ilijileta yenyewe kwa miguu. Mshonaji wake mmoja, Furaha, alikuwa na mtoto mwenye homa. Akaomba ruhusa, akanyimwa, akaondoka hivyo hivyo, na mtoto alipopona akaja kuomba kazi kwangu. Nikampa. Wiki haijaisha, Mama Patroni akasimama mlangoni pangu. Nywele zimekuwa nyeupe, kiuno kimekuwa kigumu, lakini utepe bado uko shingoni. Shefu wa avenyu yuko nyuma yake, yuleyule, sasa anatembelea fimbo. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamtilia na karanga.

"Umechukua mutoto yangu," akasema baada ya kunywa. "Alienda bila preavi. Yeye hana kitu. Weye njo utalipa."

"Ni haki yako, Mama," nikasema.

Shefu akainua kichwa. Hakutegemea. Furaha, kwenye mashine yake, akaacha kukanyaga.

"Preavi ni kazi ao ni falanga, Mama? Njo vile ulinifundishaka."

"Kazi ao falanga."

"Basi nitakuya mimi mwenyewe. Mwezi muzima. Nitakukatia sare, bila mushahara."

Masomo yalikuwa karibu kufunguliwa tena. Nilimwona akihesabu ndani ya macho yake. Watu wa mji mzima walijua mkasi wangu, na mkono wake mwenyewe ulikuwa umeanza kutetemeka. Chai ilimwagika kidogo kwenye sahani kila aliponyanyua kikombe. Mkataji wa bure, majira ya sare! Angeweza kuchukua pesa akaenda nyumbani, na leo angekuwa bado ana ateliye. Lakini kitu cha bure kilikuwa ugonjwa wake wa siku zote.

"Kitu kimoja, Mama," nikaongeza. "Nyuma ya pazia macho yangu haione vizuri. Nitakatia pa baraza."

Alitazama nje, akafikiri, kisha akacheka kicheko chake kile kizuri. "Sawa. Si wale wanawake tu ndio wako pale? Wamekaa na nguo miaka yote, hawajajua kitu. Hata ukiwaonyesha jua, watauliza iko wapi."

Shefu akasema tumemaliza mu upendo. Nikamwambia ndiyo, Muzee, mu upendo mwingi.

Niliiacha ateliye yangu mikononi mwa Furaha, nguo nikimkatia usiku, nikarudi Lumumba. Meza ilitolewa nje. Kila kitambaa nilichokikata nilikisemea kwa sauti, kama mtu mwenye tabia ya kuzungumza peke yake. "Hapa ninaacha vidole mbili, juu mutoto anakomaaka mbele ya mwaka kuisha. Hapa ninalaza mukasi, sikate kwa haraka, kola isiinuke." Mashine zilipunguza mwendo. Mama Zawadi alihamisha kiti chake akakaa mahali pa kuona. Mama Patroni alipokwenda kula Shari, karatasi za simenti zilitoka, na wote wanne wakakata: wakaharibu, wakakata tena, wakacheka kwa woga. Wiki ya pili Mama Zawadi alimkatia mjukuu wake kanzu, ya kwanza maishani mwake, na akaigeuza ndani nje kukagua kila mshono.

Mama Patroni hakuwa mjinga. Alirudi mara moja mapema akakuta vipande vya karatasi chini. Akavitazama, akanitazama. Lakini sare zilikuwa zinatoka haraka kuliko mwaka wowote, wazazi walikuwa wamejaa barazani, na shefu alikuwa shahidi wa mwezi wangu. Akaniambia nifagie.

Siku mwezi ulipotimia nilimwomba shefu aje, tufunge mambo mbele yake. Alikuja na fimbo na radio. Mama Patroni alikuwa mchangamfu. Alinishukuru mbele ya wote, akasema mimi ni binti yake, na kwamba angekuwa na watoto kumi kama mimi asingezeeka. Aliponyamaza, Mama Zawadi aliinuka, akajipangusa nyuzi mapajani.

"Mama, ninakupatia preavi yangu," akasema. "Kuanzia leo, mwezi moja."

Mama Patroni akageuka kumtazama. Kabla hajafungua kinywa, wa pili aliinuka, akasema maneno yale yale. Kisha wa tatu. Wa nne, ambaye hakuzoea kusema mbele za watu, alisema akiangalia mashine. Hakuna aliyepaza sauti. Wawili walikuwa wanakuja kwangu. Mama Zawadi na mwenzake walikuwa wameshapata chumba cha ateliye yao Shari. Yeye hayo hakuyajua.

"Wote?" aliuliza.

"Wote, Mama."

"Munaenda wapi?"

Mama Zawadi akainamisha kichwa. Kwa sauti ya mtu anayejibu katekisimu, akasema, "Mutu mwenye kuenda haulizwake anaenda wapi, Mama."

Nami nikamalizia, maana nilikuwa nimengoja tangu kwenye mapipa ya maji. "Anaulizwaka anaacha nini. Wanakuachia mwezi moja. Wamekuambia mbele."

Shefu alizima radio yake. Akamtazama Mama Patroni, akanitazama, na safari hii hakusema neno la upendo. "Ni sheria yako, Mama," alisema tu.

Nilidhani atalia, kwa kuwa alijua kulia. Nilidhani atanilaani, na laana nilikuwa nimejiandaa kuipokea kwa furaha. Hakufanya hata kimoja. Aliinuka kwenye kiti chake cha waya, akaokota fungu la kitambaa cha bluu kwenye meza yangu, akaingia nalo ndani, na akavuta pazia. Tukasikia mkasi ukianza, polepole, unasimama, unaanza tena. Sikumhurumia. Niliweka mkasi wangu kwenye mfuko, nikawaaga wale wanne kwa majina, nikatoka barazani. Sare za kukata zilikuwa bado nyingi, na nyuma ya pazia alikuwa anaharakisha, kwa sababu wa kuzishona alikuwa nao mwezi mmoja tu.